Cherehani Iliyosemwa Ina Zebaki

Watu wakisikia kwamba nilisoma jiografia hadi shahada ya pili wanadhani nilikuwa napima mito na mvua. Mimi nilikuwa naingia vyumbani mwa watu. Utafiti wangu ulihusu vitu vya nyumbani: sufuria, vitanda, chupa za chai, redio, kanga zilizokunjwa kwenye sanduku. Nilitaka kujua kitu kinafikaje mahali, nani alikitaka, na kikishaingia ndani kinamfanyia mwenye nyumba kazi gani zaidi ya ile kazi yake.

Nilichagua vijiji vya upande wa mashariki wa Tabora, kule zamani misafara ilikopita ikitoka pwani kwenda Ujiji. Wapagazi, wengi wao babu zetu wenyewe, walipita na vitambaa, shanga na nyaya za shaba mabegani. Siku hizi vitu vinakuja kwa treni, malori na pikipiki. Katika kila nyumba nilimwomba mwenyewe anionyeshe kitu kimoja anachokithamini na anisimulie kilikotoka. Nikimaliza nilisimama uani na kifaa changu cha mkononi cha GPS, nikisubiri kikamate setilaiti, ili niiweke nyumba ile kwenye ramani.

Nilifikia kwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Alikuwa mjane, watoto wake wameshaoa na kuolewa. Nyumba yake ya matofali ya kuchoma na bati ilikuwa bondeni kabisa, mahali mbuga inapoanza, na nyuma yake kulikuwa na kilima chenye miombo. Kijiji kizima kilimwita mayu, yaani mama. Yeye ndiye aliyeshona sare za shule, magauni ya kipaimara, na majoho ya kwaya ya kanisa lao la Moravian. Macho yake yalikuwa mekundu, kama ya wanawake wengi wa rika lake walioinama juu ya moto wa kuni tangu utotoni. Nataja macho yake kwa sababu huku kwetu mwanamke mzee mwenye macho mekundu hushukiwa uchawi.

Kitu alichonionyesha yeye kilikuwa cherehani, na sikushangaa. Ilikuwa ya zamani, ya chuma kizito cheusi, yenye gurudumu la kuzungusha kwa mkono na kibao cha mti chini yake. Maua ya dhahabu yaliyochorwa ubavuni yalikuwa yamefutika pale mkono wake ulipozoea kukaa.

“Hii imenunuliwa na nyuki,” aliniambia, akacheka. Marehemu mumewe alikuwa mrina asali. Mwaka ule wa ndoa yao misitu ilichanua vizuri, mizinga ikajaa, akapeleka asali mjini akarudi anasukuma baiskeli, cherehani imefungwa nyuma kwa kamba za magome. Alitembea kutwa kucha. Hakuthubutu kuipanda baiskeli asije akaanguka nayo.

Shangazi aliposema duka lilikonunuliwa, nililijua. Lilikuwa bado lipo, karibu na Soko Kuu, la familia moja ya Kiarabu iliyokaa Tabora tangu enzi za misafara. Nikaona hapo kuna sura nzuri ya utafiti wangu: kitu kimoja, kutoka kiwandani ng’ambo mpaka bondeni kwetu. Juma lililofuata nikapanda pikipiki kwenda mjini.

Mwenye duka alikuwa mzee mwenye kofia nyeupe, amekaa nyuma ya majora ya vitambaa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniagizia kahawa. Alikumbuka cherehani zilivyokuwa zikishuka stesheni ndani ya masanduku yaliyojazwa majani makavu, na baba yake alivyomruhusu kuzifungua. Alisimulia kwa furaha. Kisha akaniuliza, “Na hiyo ya shangazi yako, ipo bado?”

“Ipo, na bado anaitumia.”

Uso wake ukabadilika. Alimtazama mteja mmoja aliyekuwa akipapasa vitambaa, akangoja atoke.

“Binti, usimwambie mtu,” alisema kwa sauti ya chini. “Wamekuja hapa watu. Si mara moja. Wanatafuta cherehani za zamani. Wanasema ndani yake mna zebaki nyekundu ya mamilioni, waliweka wazungu. Wanadai ukiisogezea simu, mtandao unakatika, ndiyo dalili. Nimewaambia mimi nimefungua cherehani mia, sijaona zebaki wala nini. Wakanitazama kama mwizi anayeficha.”

Nilicheka kidogo. Yeye hakucheka.

“Mambo haya huanza hivi hivi kama mzaha,” alisema. “Mpelekee salamu. Mwambie aifunike.”

Nilirudi jioni ile ile. Nilipoteremka kwenye pikipiki barabarani, juu kabisa ya kijiji, niliona alama za matairi ya gari zikishuka kuelekea bondeni. Gari haliendi bondeni kwetu. Njia ile inaishia nyumbani kwa shangazi.

Nilimkuta ameketi mlangoni, anachambua mchele, lakini mikono ilikuwa inachambua bila macho kutazama. Wanaume wawili wasiojulikana walikuwa wamekuja na gari jeupe. Walimwamkia kwa adabu, wakaomba maji, wakanywa, kisha wakasema wamesikia ana cherehani ya kale na wanataka kuinunua. Akawaambia haiuzwi, ndiyo jembe lake. Mmoja akatoa simu, akaingia nayo ndani bila kukaribishwa. Alipotoka alimwonyesha mwenzake kioo cha simu. Walipanda gari, wakaondoka.

“Alimwonyesha nini?” shangazi aliniuliza.

Nilijua. Bondeni kwetu simu haishiki. Kilima kimekaa kati yetu na mnara, na kila mtu kijijini anajua kwamba ukitaka kupiga simu kutoka kwa mayu, unapanda kwanza barabarani karibu na shule. Mtandao ulikatika ndani ya nyumba ile tangu siku simu zilipoanza kuingia kijijini. Lakini wageni wale hawakujua, na walikwenda zao wakiwa wameona dalili waliyoitafuta.

Nilimweleza shangazi yote niliyoyasikia dukani. Alinisikiliza mpaka mwisho. “Zebaki,” alisema, kama mtu anayeonja chakula kigeni. Kisha akaingia ndani akaifunika cherehani kwa kanga.

Kufunika hakukusaidia. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, mvua imechelewa, watu wamemaliza kuandaa matuta na hawana la kufanya ila kutazama mawingu na kuzungumza. Maneno yalisambaa upesi. Mimi mwenyewe niliyasikia kisimani, kutoka kwa wanawake waliojisahau kwamba niko nyuma yao: gari jeupe litarudi, mayu ana mali ya Wajerumani, na yule binti wa kaka yake, anayezunguka na kimashine majumbani, hapimi kitu kingine ila mahali mali ilipo. Walipogeuka na kuniona, mmoja aliniambia “Mwangaluka”, salamu yetu ya asubuhi, kana kwamba tumekutana asubuhi ile kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimeshamwamkia.

Tangu siku ile sikukitoa kile kifaa kwenye begi. Kazi yangu ilisimama. Sikuweza kumwomba mtu yeyote anionyeshe anachokithamini.

Kisha mazungumzo yakageuka, na mgeuko ule ndio ulionitisha. Mwanzoni waliulizana mali ni kiasi gani. Baadaye wakaanza kuulizana kwa nini mwanamke mzee, mjane, anayekula michembe ya viazi vikavu na mlenda kama wengine, akatae kuuza kitu ambacho watu wa gari wanakitaka. Lazima kuna sababu. Lazima cherehani ile inamfanyia jambo. Mvua ya mwaka huu iko wapi? Mume wake alikufa vipi? Hakuna aliyelitamka neno mchawi mbele yetu, lakini watoto waliokuwa wakiletwa kupimwa sare hawakuletwa tena. Jirani aliyekuwa akipita kila asubuhi kuomba moto akaanza kupita njia ya mbali. Jioni moja, jua likiwa bado halijazama, jiwe lilianguka juu ya bati. Tukiwa ndani tulisikiliza linavyobingirika mpaka chini. Baada ya muda likaja la pili.

Shangazi hakutoka. Alisema tu, “Hilo ni kubwa kuliko la kwanza.”

Asubuhi yake nilimbana. “Shangazi, uza. Watakaporudi wape waende nayo. Nitakutafutia nyingine.”

“Nikiuza nitakuwa nimekubali.”

“Umekubali nini?”

“Kwamba nilikuwa nayo hiyo zebaki. Watu wa gari wataipasua, hawataona kitu, watarudi kuniuliza nimeificha wapi. Na hawa wa hapa watasema nimepata mali sikuwagawia.” Alinitazama kwa macho yale mekundu. “Wewe umesoma. Niambie mlango wa kutokea uko wapi.”

Niliishia kumkasirikia, jambo la kipumbavu, nikamwambia ni mkaidi, kwamba wanawake wenziwe wamekatwa mapanga kwa mambo madogo kuliko haya. Alisimama akaenda kuchota maji. Nilimfuata kwa macho hadi alipopotea kwenye majani, na niliendelea kutazama mpaka nilipouona tena mtungi kichwani mwake. Ndivyo tulivyoishi siku zile: mmoja akitoka, mwingine anahesabu pumzi.

Gari jeupe lilirudi siku ya gulio, kijiji kikiwa kimejaa. Safari hii halikuja peke yake. Nyuma yake walikuja watu kwa miguu, vijana wenye fimbo, wanawake, na mwenyekiti wa kijiji akiwa mbele na shati lake limelowa jasho. Nilimwona anavyotembea nikajua hakuwaongoza; walikuwa wamemsukuma mbele yao.

“Mayu,” alisema alipofika uani, “watu wanasema mengi. Mimi nataka yaishe leo, mchana, kila mtu akiona. Wageni hawa wanaomba kupima tu.”

“Wapime,” shangazi alisema.

Yule mgeni mrefu alinyanyua simu juu ya kichwa chake ili wote waone. Akaingia ndani, akatoka. “Imekata!” alisema kwa sauti. Watu wakarudi nyuma hatua kadhaa, kama moto umewafikia miguuni.

Nilipaza sauti. “Mtandao hapa haushiki, nyote mnajua! Nani kati yenu amewahi kupiga simu hapa? Si tunapanda wote mpaka shuleni?”

Wawili watatu walitazamana, nikadhani nimeshinda. Kisha mwanamume mmoja wa pale pale kijijini, mtu niliyewahi kula nyumbani kwake, akasema polepole, “Ndiyo maana. Miaka yote hii tumejiuliza kwa nini huku bondeni haushiki. Kumbe ni hiyo.”

Niliona nyuso zikibadilika moja baada ya nyingine. Maneno yangu mwenyewe yalikuwa yameokotwa na kugeuzwa kuwa ushahidi. Nilitaka kueleza habari za mnara na kilima, nikafungua mdomo, lakini kijana mmoja alikuwa tayari ameanza kugonga fimbo yake chini, taratibu, na mwenzake akaupokea mdundo.

Shangazi ndiye aliyenyanyua mkono.

“Kama ni cherehani inayokata mtandao,” alisema, “basi ikipanda juu, na huko juu utakata. Au sivyo?”

Mwenyekiti akamtazama mgeni. Mgeni aliirudisha simu mfukoni.

“Tuipandishe barabarani,” shangazi alisema. “Nani ataibeba?”

Hakuna aliyesogea. Wale vijana waliokuwa wakigonga fimbo walitazama chini. Walikuwa wanaiogopa kwelikweli, na hapo nikafahamu kwamba hofu yao ilikuwa kubwa kama yangu.

Tuliibeba sisi wawili. Nilikuwa sijawahi kuinyanyua. Chuma kile kilivuta mabega kuelekea ardhini. Tulipanda njia ya kilima, yeye mbele kinyumenyume, mimi nyuma, jua la saa saba utosini, na umati ukitufuata kwa mbali. Nilikuwa nasikia pumzi za shangazi na mawe yakiteleza chini ya kandambili zake. Mahali pa mteremko mkali aliyumba, nikaona ataanguka na cherehani itamwangukia kifuani. Nikamwambia tupumzike. Akatikisa kichwa. Baadaye aliniambia alihofu kwamba tukiitua tu, mtu atapata ujasiri wa kurusha jiwe la kwanza.

Tulipofika barabarani tuliiweka juu ya kisiki. Shangazi alibaki ameshika gurudumu, si kwa kulilinda, bali asianguke.

Kabla mgeni hajatoa simu yake, simu za watu zilianza kulia zenyewe mifukoni. Ujumbe uliokuwa umekwama ulikuwa unaingia. Moja ililia kwa wimbo wa harusi, ikaendelea kulia mwenyewe akihangaika kuizima, na mwanamke mmoja akashindwa kujizuia, akacheka. Wengine wakamfuata.

“Jua limeimaliza nguvu,” yule mgeni mrefu alisema haraka. “Inajulikana. Au wameshaitoa usiku. Lazima ifunguliwe.”

Kicheko kikakatika.

Shangazi aliuliza nani ana bisibisi. Fundi wa baiskeli, aliyekuwa na kibanda chake pale barabarani, akamletea bisibisi na koleo, akaviweka chini na kurudi nyuma. Shangazi alitandika kanga yake kwenye vumbi, akapiga magoti, akaanza kuifungua cherehani.

Nimeona watu wakivunja vitu vyao kwa hasira. Sijapata kuona mtu akikifungua kitu chake cha pekee kwa utulivu kama ule, mbele ya watu wanaongoja kumdhuru. Alitoa sindano akaiweka. Akatoa mguu unaobana nguo, akauweka. Akatoa bobini ya uzi wa chini na kile kikombe kidogo cha chuma kinachoishika. Skrubu nyingine zilikuwa hazijaguswa tangu kiwandani, akazigonga taratibu kwa koleo, akajaribu tena. Gurudumu alilifuta kwa kiganja kabla ya kulilegeza. Kila kipande alikiinua, watu wakione, ndipo akakiweka kwenye kanga.

“Njooni mshike,” alisema.

Wa kwanza kuja alikuwa mama mmoja wa kwaya, mzito, anayetembea kwa shida. Alichuchumaa mbele yetu sote, akachukua kipande cha chuma, akakigeuza, akakinusa.

“Mafuta ya cherehani,” alisema. “Joho langu linanuka hivi hivi.” Akampa aliye nyuma yake.

Wanawake wakaanza kuja. Vipande vikapita mkono kwa mkono, vikarudi, vingine vikaenda tena. Mwenyekiti naye akashika. Wageni wale wawili walichungulia ndani ya mwili mtupu wa cherehani, wakaumulika kwa tochi ya simu katikati ya mchana, wakaingiza vidole. Vidole vilitoka na nyuzi na vumbi la miaka mingi. Mrefu alijifuta kwenye suruali yake. Walirudi garini bila kuaga, na vijana wale wenye fimbo waliwapisha njia.

Watu walitawanyika kwenda gulioni. Wachache walimwambia shangazi pole. Yule mtu niliyewahi kula kwake alipita akitazama upande wa shule. Fundi wa baiskeli alitusaidia kuikusanya cherehani, na hapo shangazi akagundua kwamba kile kikombe kidogo cha bobini hakipo. Tulipapasa vumbi mpaka kivuli cha kisiki kikawa kirefu. Tukakung’uta kanga. Hakikupatikana, na bila hicho cherehani haishoni.

“Kimedondoka tu,” nilisema.

“Hakikudondoka,” alijibu. “Nilikiona kikienda. Sikuona kikirudi.”

Kisha akasema jambo lililonifanya nisilale vizuri kwa muda mrefu: “Yupo bado anayeamini.”

Siku ya tatu nilimpeleka Isikizya kwa binti yake. Hakubisha sana. Alichukua nguo zake, kitabu chake cha nyimbo, na mfuko wa mbegu za karanga, akafunga mlango kwa kufuli. Cherehani tuliiacha kwa mchungaji, ikiwa imefungwa ndani ya gunia, maana nyumbani isingekaa salama, na shangazi alikataa kwenda nayo Isikizya. Hakutaka maneno yamfuate mpaka kwa wajukuu.

Nami nilirudi mjini. Nilizunguka kwa mafundi wote wa cherehani ninaowajua nikitafuta kile kikombe. Mzee wa dukani alituma watu Nzega na hata Kigoma. Jibu lilikuwa moja: mashine kama hizo zimenunuliwa zote na kupasuliwa, vipuri vyake vimetupwa. Kitu kilichokuwa kila kijiji kwa miaka mingi, kwa sababu ya maneno tu, kilikuwa kinatoweka kando ya njia nzima ya misafara. Mwalimu aliyenisimamia chuoni alifurahi kusikia hivyo. Alisema hilo ndilo jambo la kuandika. Nililiandika. Ila nyumba ya shangazi niliiondoa kwenye ramani, na nilipoulizwa kwa nini katikati ya vijiji vyangu pana pengo, nilisema mwenyewe hakutaka. Kusema kweli sikumwuliza. Sikutaka tu kuona nukta mahali pale.

Mvua zilianza, karanga zikahitaji kupandwa, na shangazi akasema anarudi. Binti yake alilia. Nikaenda kumsindikiza.

Kufuli lilikuwa limevunjwa. Ndani, sakafu yake ya udongo, aliyokuwa akiisiriba kila mwaka kabla ya Krismasi, ilikuwa imechimbwa kwa sururu kutoka ukuta hadi ukuta. Shimo la chini ya kitanda lilikuwa refu kiasi cha kumfika mtu kiunoni. Kitanda kilikuwa kimesimamishwa ubavuni kwa uangalifu, na magodoro yamewekwa juu ya meza yasichafuke. Uangalifu ule ndio ulionitia baridi. Aliyechimba alijua kwamba mwenyewe atarudi, na atakuwa jirani yake tena.

Shangazi alisimama mlangoni muda mrefu. Nilingoja alie au arudi nyuma. Aliweka mfuko wa mbegu juu ya meza, akavua viatu, akaniambia, “Kalete toroli kanisani.”

Tulisomba udongo wa kichuguu kutwa nzima, tukajaza, tukashindilia kwa miguu. Siku ya pili tulianza kusiriba. Tulikuwa tumepiga magoti, mikono imejaa tope, aliposimama mlangoni jirani yule aliyekuwa akikwepa njia yetu. Alikuwa na ndoo ya maji kichwani na kitambaa cha kitenge kwapani.

“Hodi, mayu.”

Shangazi hakuinua kichwa mara moja. Alimalizia kulainisha pale alipokuwa, ndipo akajibu, “Karibu. Usikanyage hapo, pabichi.”

Jirani alitua ndoo. Alisema ameleta maji, maana tope linakauka upesi. Halafu, bila kututazama, akasema ana harusi ya mdogo wake, na kama mayu anaweza kumshonea.

“Cherehani imekufa,” shangazi alisema.

“Nasikia.”

“Nitashona kwa mkono. Itachukua muda.”

“Nitangoja.”

Shangazi alinyoosha mikono yake yenye tope mbele yake, kama kumwonyesha kwamba hawezi kupokea kitambaa, akamwonyesha kwa kidevu mahali pa kukiweka. Jirani alikiweka, akasimama bado, anatazama sakafu iliyolowa, mahali shimo lilipokuwa. Nilimtazama usoni. Sikujua kama anaona haya, au anajua nani alichimba, au anajiuliza kama kuna kilichopatikana.

Shangazi akachota maji kwenye ndoo ile kwa kiganja, akayanyunyiza sakafuni, akaendelea kusiriba.